Vince Lombardi: Mwalimu wa wafungua njia

Mwezi Septemba mwaka 2025, mwezi ule ule ambao Kigali ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli, chapa ya utalii ya Visit Rwanda ilitangaza ushirikiano na klabu mbili za Los Angeles, Marekani: Clippers ya mpira wa kikapu na Rams ya mpira wa Kimarekani. Mpira wa kikapu tunaujua, kwani BK Arena imetuzoesha. Huo wa pili bado ni mgeni kwa wengi wetu. Atakayeutazama kwa mara ya kwanza ataona watu wenye kofia ngumu wakigongana, wakianguka, wakiinuka na kujipanga upya, na huenda akajiuliza ni akili gani iliyomo ndani ya vurugu hiyo.

Njia nzuri ya kuielewa akili hiyo ni kuyafahamu maisha ya mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye kombe la ubingwa wa mchezo huo. Rams wamelitwaa kombe hilo mara mbili. Linaitwa Kombe la Vince Lombardi, kwa heshima ya kocha aliyefariki mwaka 1970 akiwa na umri wa miaka 57. Hakuwa mfungaji wala mkimbiaji hodari. Alikuwa mzuiaji, yaani mmoja wa wale wanaomsukuma adui kando ili mwenzao apite na mpira. Baadaye akawa mwalimu wa wazuiaji, na katika kazi hiyo isiyopigiwa makofi ndimo alimoupata ukuu wake.

Mtoto wa muuza nyama

Vincent Thomas Lombardi alizaliwa tarehe 11 Juni 1913 katika mtaa wa Sheepshead Bay, Brooklyn, jijini New York. Baba yake, Enrico, ambaye watu walimwita Harry, alizaliwa Italia na alikuwa muuza nyama. Mama yake, Matilda Izzo, naye alitoka katika ukoo wa wahamiaji wa Kiitaliano. Vincent alikuwa kifungua mimba katika watoto watano. Nyumba yao ilikuwa ya Wakatoliki washika dini. Kijana alitumikia altareni, na alipofikisha miaka 15 aliingia seminari ndogo kwa nia ya kuwa padri. Baada ya miaka michache aliiacha njia hiyo, lakini nidhamu yake haikumtoka. Hadi mwisho wa uhai wake alihudhuria misa karibu kila siku.

Mwaka 1933 alijiunga na Chuo Kikuu cha Fordham, New York, chuo cha Wajesuiti ambacho timu yake, kwa sadfa, nayo huitwa Rams. Alikuwa mfupi kwa kazi aliyopewa, akiwa na urefu wa takriban mita 1.73 na uzito wa kilo 80 na kitu. Hata hivyo aliwekwa katika safu ya mbele, upande wa kulia wa senta, mahali panapoitwa gadi. Kocha mkuu alikuwa Jim Crowley, na aliyewafunza watu wa safu ya mbele alikuwa Frank Leahy. Mwaka 1936 safu hiyo ya watu saba ilikuwa ngumu kupenyeka kiasi kwamba watu waliipa jina la Mawe Saba ya Matale. Kwa miaka mitatu mfululizo, kuanzia 1935 hadi 1937, Fordham na Pittsburgh walicheza bila upande wowote kupata hata alama moja. Lombardi alikuwamo katika michezo miwili ya kwanza kati ya hiyo mitatu.

Kati ya wale saba, yeye hakuwa aliyesifiwa kuliko wote. Alex Wojciechowicz, aliyecheza katikati, ndiye aliyekuja kuwa nyota wa ligi ya kulipwa. Lombardi alijifunza mapema jambo ambalo mtu mwenye kipaji kikubwa huchelewa kulijua, kwamba mwili mdogo unaweza kumhamisha mwili mkubwa endapo utakuwa chini zaidi, utaanza mapema zaidi, na miguu yake haitasimama.

Darasani na uwanjani

Alihitimu mwaka 1937, wakati uchumi wa Marekani ulikuwa ungali umedorora. Alifanya kazi hapa na pale na akaonja masomo ya sheria kwa muda mfupi. Mwaka 1939 aliajiriwa katika shule ya sekondari ya Mtakatifu Sesilia, mjini Englewood, jimbo la New Jersey. Alifundisha Kilatini, fizikia na kemia, huku akiwa msaidizi wa kocha Andy Palau, mwenzake wa zamani wa Fordham. Mwaka 1940 alimwoa Marie Planitz, nao wakajaliwa mtoto wa kiume, Vincent mdogo, na wa kike, Susan. Kuanzia 1942 yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa kocha mkuu wa shule hiyo.

Miaka minane ya Englewood ilimfanya mwalimu kabla haijamfanya kocha mashuhuri. Katika darasa la fizikia alikuwa na desturi ya kurudia somo mpaka mwanafunzi wa nyuma kabisa aelewe, ndipo asonge mbele. Desturi hiyo aliihamishia uwanjani. Badala ya kuwapa vijana mbinu nyingi, aliwapa chache na kuwataka wazijue hadi waweze kuzifanya gizani.

Mwaka 1947 alirejea Fordham, na mwaka 1949 akaenda katika Chuo cha Kijeshi cha West Point, chini ya kocha Earl Blaik, ambaye wengi walimwita Red. Hapo alikabidhiwa safu ya mbele ya ushambuliaji. Blaik alikuwa mtu wa filamu na daftari. Kila mchezo ulitazamwa upya, kila hatua ya mguu ikapimwa, na kila jambo lisilo la lazima likaondolewa. Mwaka 1951 kashfa ya udanganyifu katika mitihani iliwaondoa chuoni hapo wanafunzi wapatao 90, wakiwemo wachezaji wengi, akiwemo mtoto wa Blaik mwenyewe. Timu ikabaki mifupa. Lombardi alikaa akaona jinsi kocha anavyojenga upya kwa kutumia vijana wasiojulikana, na somo hilo lilimfaa miaka minane baadaye.

Mwaka 1954 aliingia ligi ya kulipwa, akawa mwenye dhamana ya mashambulizi katika klabu ya New York Giants. Mwenzake upande wa ulinzi alikuwa Tom Landry, ambaye naye alikuja kuwa kocha mkubwa. Mwanzoni wachezaji wakongwe walimtazama kwa shaka huyu mwalimu wa shule aliyejaa kelele. Yeye naye alikubali kujifunza kwao. Mwaka 1956 Giants walitwaa ubingwa kwa kuwashinda Chicago Bears kwa 47–7.

Hata hivyo, alikuwa ameshapita umri wa miaka 40, na nafasi za ukocha mkuu katika vyuo vikuu alizozitamani zilimpita moja baada ya nyingine. Aliamini kwamba jina lake la Kiitaliano lilikuwa kizingiti. Uchungu huo alitembea nao, na baadaye uliathiri namna alivyowatazama watu wengine waliobaguliwa.

Sanaa ya kuzuia

Msikilizaji aliyewahi kusimama kando ya mteremko wa Kwa Mutwe, Nyamirambo, wakati wa Tour du Rwanda atakuwa ameona jinsi baadhi ya waendesha baiskeli wanavyojitoa. Mmoja hutangulia kukata upepo kwa kilomita nyingi, nguvu zikimwisha hukaa kando, na kiongozi wake hupita kwenda kushinda. Jina linaloimbwa jioni ni la kiongozi. Katika mpira wa Kimarekani, wanaokata upepo ni watano wa safu ya mbele: senta katikati, magadi wawili ubavuni mwake, na wengine wawili nje yao. Kanuni haziwaruhusu kuubeba mpira katika mchezo wa kawaida wala kupokea pasi. Kazi yao ni kufungua njia au kumlinda mrushaji.

Kazi hiyo ina ufundi wake. Mchezaji huinama na kugusa chini kwa mkono mmoja, miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, mgongo umenyooka kama meza na macho yanatazama mbele. Anayeinua makalio mapema mno husukumwa nyuma. Anayeegemea mkono kupita kiasi humfichulia adui upande anaokusudia kwenda. Mpira ukitoka, hatua ya kwanza huwa fupi, kwa sababu hatua ndefu humwacha mtu akiwa juu ya mguu mmoja wakati wa kugongana. Nyonga hukaa chini ya nyonga za mpinzani. Baada ya kugusana, miguu huendelea kupiga hatua ndogo za haraka hadi filimbi ilie. Siku hizo kanuni zilikuwa kali zaidi kuhusu mikono, na mzuiaji hakuruhusiwa kuinyoosha. Alitegemea bega na mkono uliokunjwa kifuani. Ruhusa ya kunyoosha mikono na kufungua viganja ilikuja mwaka 1978, miaka minane baada ya Lombardi kufariki.

Mazoezini alitumia chombo kizito cha chuma chenye mito mbele yake, kinachosukumwa ardhini na wachezaji kadhaa kwa pamoja. Lombardi alizoea kupanda juu yake na kuwahimiza kwa sauti wanaomsukuma. Chombo hicho kina siri moja ambayo kila aliyewahi kusukuma gari lililokwama matopeni anaijua. Mmoja akianza kabla ya wenzake au akisukuma kwa pembe yake mwenyewe, chombo huzunguka badala ya kwenda mbele. Kwa hiyo kilifunza nguvu, na zaidi ya nguvu kilifunza kuanza pamoja.

Jambo jingine alilolifundisha lilikuwa la akili. Makocha wengi walimwamuru mzuiaji ampeleke adui upande fulani, iwe isiwe. Lombardi aliwaambia watu wake wampeleke adui kule anakotaka kwenda mwenyewe. Akiegemea kulia, asukumwe kulia zaidi. Akiegemea kushoto, vivyo hivyo. Mkimbiaji aliye nyuma hutazama mwanya ulipofunguka na kuingia humo. Kwa namna hiyo nguvu za mpinzani zikawa mtaji wa timu. Watu watano walihitaji kuwaza kitu kimoja kwa wakati mmoja bila kusemezana, na hilo halipatikani ila kwa kurudia.

Mji mdogo wa kaskazini

Mwanzoni mwa mwaka 1959, akiwa na miaka 45, Lombardi alipata alichokisubiri. Green Bay, jimboni Wisconsin, ulikuwa mji wa watu takriban 60,000, wenye klabu inayomilikiwa na wananchi wenyewe kwa hisa. Klabu hiyo, Packers, ilianzishwa mwaka 1919 na ilikuwa imewahi kung'ara, lakini mwaka 1958 ilishinda mchezo mmoja tu kati ya 12. Alikuja na Bill Austin, gadi wake wa zamani wa Giants, ili awe mwalimu wa safu ya mbele.

Msingi wa kila kitu ukawa mchezo mmoja ambao kwa Kiswahili tungeweza kuuita mfagio. Mpira hutolewa kwa mkimbiaji anayekwenda pembeni mwa uwanja. Magadi wawili, badala ya kusukuma mbele, hurudisha mguu nyuma, hugeuka na kukimbia sambamba na safu yao, kisha hukata mbele wakiwa wamemtangulia. Gadi wa kulia humwendea mlinzi wa nje kabisa. Gadi wa kushoto hutazama jinsi mchezaji wa ukingoni alivyomhamisha mtu wake, kisha huchagua ndani au nje. Senta naye huziba pengo lililoachwa na gadi wa kulia. Mmoja akikosea hatua moja, mkimbiaji huangushwa nyuma ya mstari.

Magadi hao walikuwa Jerry Kramer, kijana wa kutoka Idaho, na Fred Thurston, aliyejulikana kama Fuzzy, aliyeletwa kutoka Baltimore mwaka 1959 akiwa hana jina. Senta alikuwa Jim Ringo, na pembeni walikuwapo Forrest Gregg na Bob Skoronski. Mpira ulibebwa na Paul Hornung na Jim Taylor, na aliyewaongoza wote alikuwa Bart Starr. Wapinzani waliujua mfagio, waliutazama katika filamu wiki nzima, na bado walishindwa kuuzuia. John Madden, ambaye baadaye alikuwa kocha na mtangazaji maarufu, alisimulia kwamba alipokuwa kijana alihudhuria mafunzo ambapo Lombardi aliueleza mchezo huo mmoja kwa saa nane. Madden, aliyedhani anaujua mpira, alitoka akiwa ametambua kwamba alikuwa hajaanza kujifunza.

Matunda hayakuchelewa. Mwaka 1959 Packers walishinda michezo saba na kupoteza mitano. Mwaka 1960 walifika fainali wakafungwa na Philadelphia Eagles 17–13, na huo ndio mchezo pekee wa mtoano ambao Lombardi aliupoteza akiwa kocha mkuu. Inasimuliwa kwamba maandalizi ya msimu uliofuata aliyaanza kwa kushika mpira mkononi na kuwaeleza mabingwa wale wa kanda yao kwamba kitu hicho kinaitwa mpira. Mwishoni mwa mwaka 1961 waliwafunga Giants 37–0 katika fainali. Mwaka 1962 walishinda michezo 13 kati ya 14, kisha wakawashinda Giants tena, 16–7, siku ambayo gadi Kramer ndiye aliyepiga mikwaju mitatu iliyopita kati ya nguzo.

Kwa wale waliokuwa wageni katika mji wa Wazungu watupu, Lombardi aliweka msimamo ambao haukuwa wa kawaida Marekani ya wakati huo. Alipofika, timu ilikuwa na mchezaji mmoja tu mweusi. Aliwaleta wengine, miongoni mwao Emlen Tunnell, Willie Davis, Willie Wood na Herb Adderley, akawajulisha wenye mikahawa na baa za Green Bay kwamba mahali patakapomkataa mchezaji mmoja kwa rangi yake hapatakanyagwa na timu nzima. Alikuwa mkali kwa wote, na katika ukali wake hakubagua.

Siku ya baridi kali

Tarehe 31 Desemba 1967, Packers waliwakaribisha Dallas Cowboys wa Tom Landry kugombea ubingwa. Nyuzi joto zilishuka hadi takriban 25 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi. Mwaka huo huo Lombardi alikuwa amefungisha mfumo wa nyaya za kupasha joto chini ya nyasi. Siku hiyo ukashindwa, na uwanja ukawa barafu. Wakimbiaji waliteleza, na filimbi za waamuzi ziliganda.

Zikiwa zimebaki chini ya dakika tano, Packers walikuwa nyuma 17–14 na yadi 68 kutoka mstari wa goli. Walisogea polepole. Zilipobaki sekunde 16 walikuwa hatua moja kutoka mstari, wakiwa hawana tena nafasi ya kusimamisha saa. Wangeweza kupiga mkwaju wa kusawazisha. Siku chache kabla, walipokuwa wakitazama filamu, Kramer alikuwa amependekeza mchezo wa kusukuma kwa pamoja dhidi ya Jethro Pugh, mlinzi mrefu wa Dallas aliyekuwa na tabia ya kuinuka mapema. Starr alichagua kuubeba mpira mwenyewe, nyuma ya watu wake wa mbele. Kramer aliondoka chini kabisa, senta Ken Bowman akaungana naye, na Pugh akahamishwa. Starr akaanguka ndani ya goli, na mchezo ukaisha 21–17.

Televisheni ya taifa zima ilirudia picha mara nyingi kuonyesha kazi ya mzuiaji. Kramer akawa maarufu usiku mmoja. Bowman, aliyebeba nusu ya mzigo ule, hakutajwa sana, na kwa miaka mingi alikumbusha watu, nusu kwa utani, kwamba walikuwa wawili. Hata miongoni mwa wasioonekana, yupo ambaye haonekani zaidi.

Wiki mbili baadaye Packers waliwashinda Oakland Raiders 33–14 katika Super Bowl ya pili. Ya kwanza, Januari 1967, walikuwa wamewashinda Kansas City Chiefs 35–10 jijini Los Angeles. Ulikuwa ubingwa wao wa tano katika miaka saba, na wa tatu mfululizo. Tangu ligi hiyo ianze kuamua bingwa kwa fainali mwaka 1933, hakuna timu nyingine iliyopata mataji matatu mfululizo.

Gharama ya ushindi

Maisha haya hayafai kusimuliwa kama wimbo wa sifa tupu. Lombardi alikuwa na hasira za ghafla, na maneno yake yaliumiza. Katika miaka yao ya mwanzo alimkaripia Kramer mbele ya wote kwa kosa la kuondoka kabla ya mpira, hadi kijana akafikiria kuacha mchezo. Baadaye alimkuta amekaa peke yake katika chumba cha kubadilishia nguo, akamchezea nywele na kumwambia kwamba siku moja atakuwa gadi bora kuliko wote. Kramer alisema maisha yake yote kwamba siku ile ndipo alipozaliwa upya. Je, sifa ile ingekuwa na uzito bila karipio lililotangulia, au karipio lilikuwa jeraha ambalo sifa iliwahi kulifunga? Wachezaji wake wenyewe hawakukubaliana juu ya jibu.

Nyumbani alikosekana. Aliwajua vijana 40 wa timu kuliko alivyomjua mwanawe, na Vincent mdogo, aliyekuja kuwa mwanasheria, hakuficha kwamba alikulia katika kivuli cha baba asiyekuwepo. Lipo pia fumbo la lile neno maarufu kwamba ushindi ndio kitu pekee. Watu humbandika Lombardi msemo huo, ilhali kocha Red Sanders wa chuo cha UCLA aliutumia kabla yake. Lombardi aliurudia, kisha katika miaka yake ya mwisho akajitahidi kueleza kwamba alichokithamini ni juhudi ya kuutafuta ushindi. Watu walishika maneno mafupi, maelezo wakayaacha.

Na miili ililipa. Kizazi kile kilifundishwa kutanguliza kichwa katika mgongano, na wengi walizeeka na magoti mabovu na kumbukumbu zinazofifia. Mwaka 2011 Forrest Gregg, ambaye Lombardi alimhesabu kuwa mchezaji bora kuliko wote aliowafundisha, alitangaza kwamba ana ugonjwa wa Parkinson. Leo kanuni zinakataza kumshambulia mtu kwa kofia, na walimu huwafunza vijana kuinua kichwa na kutumia mikono. Mzazi au mwalimu wa Kigali anayewafunza watoto raga au mchezo wowote wa kugongana ana haki ya kuchukua ufundi wa Lombardi, na ana wajibu wa kuacha sehemu hiyo ya mafunzo ya zama zake.

Baada ya msimu wa 1967 alijiuzulu ukocha, akabaki meneja kwa mwaka mmoja. Hakuweza kukaa mbali na uwanja. Mwaka 1969 alikwenda kuifundisha timu ya Washington, ambayo haikuwa na msimu wa ushindi tangu 1955, akaipa ushindi mara saba, vipigo vitano na sare mbili. Katika misimu yake kumi ya ukocha mkuu hakuwahi kumaliza akiwa na vipigo vingi kuliko ushindi. Katikati ya 1970 madaktari waligundua saratani ya utumbo mpana. Alifariki tarehe 3 Septemba 1970 katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Georgetown. Misa ya mazishi ilifanyika katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patriki, New York, akazikwa New Jersey, jimbo alikoanzia kufundisha. Katika Super Bowl iliyofuata, Januari 1971, kombe likapewa jina lake.

Kombe na mjukuu wa Kiwanuka

Kombe hilo la fedha, lenye umbo la mpira uliosimamishwa, limewahi kushikwa na mikono yenye asili ya eneo letu. Mathias Kiwanuka, aliyezaliwa Indianapolis mwaka 1983, ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu na akachukuliwa na askari wa Idi Amin mwezi Septemba 1972 asirudi tena. Mjukuu aliichezea New York Giants, klabu ile ile alikofundisha Lombardi, kuanzia mwaka 2006. Kazi yake ilikuwa kinyume cha ile ya Kramer. Yeye alilipwa ili awapite wazuiaji. Mwezi Februari 2012 Giants walitwaa Kombe la Lombardi katika fainali iliyochezwa Indianapolis, mji aliozaliwa.

Jerry Kramer alisubiri muda mrefu kuliko wenzake wengi. Hornung, Taylor, Starr, Ringo na Gregg waliingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo miaka mingi kabla yake. Yeye aliitwa mwaka 2018, nusu karne baada ya kumsukuma Pugh juu ya barafu, akiwa na umri wa miaka 82. Thurston, gadi wa upande wa pili, alifariki mwaka 2014 bila kuitwa.

Basi msikilizaji atakayewaona Rams kwenye televisheni, pengine akiwa Biryogo au Kimironko, asiufuate mpira kwa mchezo mmoja au miwili. Awatazame wale watano wa mbele: nyonga zao, hatua ya kwanza, na miguu inayoendelea kupiga hatua baada ya mgongano. Mkimbiaji atapita, uwanja utapiga kelele, na wao watainuka taratibu, watajifuta majani, na kurudi mahali pao kujipanga tena.